Kabla hujanunua, hakikisha kifaa smati kitaelewana na mfumo wa jengo

Stika ya kwenye boksi inayosema kifaa kinafanya kazi na mfumo fulani haitoshi kabisa, manake inakwambia tu kitaingia, haikwambii kazi zipi zitafika upande wa pili. Taa inaweza ikawaka na kuzimika vizuri tu kupitia getiwei (kifaa cha katikati kinachotafsiri kati ya mifumo miwili) alafu kupunguza mwanga kukagoma, na wengi wanakuja kujua hilo fundi kashaondoka na ukuta umeshazibwa. Inauma sana kuona hela inapotea hivyo wakati ilikuwa ni kusoma kurasa mbili tatu.

Kwa hiyo usiulize kama vinaungana, uliza kazi moja moja. Chukua karatasi, andika kila kifaa unataka kifanye nini, yaani kuwasha, kupunguza mwanga, kusoma joto, kupanga joto unalotaka, kutoa taarifa ya hitilafu, na pembeni andika ni nani anasoma na ni nani anaamuru. Karatasi hiyo usiitupe, utaenda nayo mpaka mwisho.

Alafu jua jengo linaongea nini, yaani lugha ambayo vifaa vyake vinatumia kuwasiliana. Taa na mapazia mara nyingi ni KNX, ile kebo ya kijani. AC kubwa na mitambo ya hewa ni BACnet, mita na pampu ni Modbus, na taa za ofisini utakuta DALI ambayo laini moja inabeba anwani 64 tu za taa, ukizidisha lazima uongeze laini nyingine.

Upande wa vifaa smati angalia redio kwanza. Zigbee na Thread zote zinatumia kiwango kimoja cha redio, IEEE 802.15.4, kwenye 2.4 GHz lakini hazielewani, ni sawa na watu wawili wenye simu za aina moja ila kila mtu na lugha yake. Z-Wave ndo uwe makini zaidi ukiagiza kutoka nje, manake ya Ulaya ipo 868.42 MHz na ya Marekani 908.42 MHz, hazishikani hata ufanyeje. Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa smati vya makampuni tofauti, ilitoka Oktoba 2022, inapita kwenye Wi-Fi, Thread au kebo ya mtandao, Bluetooth ni ya kuingizia kifaa mara ya kwanza tu. Kama ni Matter ya Thread lazima uwe na rauta ya mpakani ya Thread, ile inayounganisha Thread na mtandao wako wa kawaida. Na cheki pia kidhibiti chako (apu au kifaa unachotumia kuamuru vingine) kinakubali aina hiyo ya kifaa, sababu kiwango kinaweza kuitambua na apu yako ikawa bado.

Sasa hapa kwenye nyaraka ndo penye kazi yenyewe. Kwa BACnet omba ile karatasi inayoitwa PICS, inaonyesha kifaa kina objekti gani (yaani vitu vya kusoma au kuamuru, kama joto au hali ya swichi) na huduma gani, na hakikisha namba ya kila kifaa haijirudii kwenye mtandao mzima. KNX tazama aina ya data kwenye kila anwani ya kundi (anwani inayounganisha swichi na taa inazoamuru): aina ya 5.001 inatuma asilimia 0 hadi 100 kama namba 0 hadi 255, kwa hiyo getiwei ikiisoma vibaya nusu ya mwanga inaonekana 128 badala ya 50. Modbus ni ya mwaka 1979 na yenyewe haisemi kabisa namba inamaanisha nini, bila jedwali la rejista la mtengenezaji (rejista ni visanduku vya namba ndani ya kifaa) usinunue. Joto la 23.5 linaweza likaja kama 235, rejista iliyoandikwa 40001 kwenye kitabu inaitwa 0 kwenye ujumbe wenyewe, na namba ndefu inayokaa kwenye rejista mbili inaweza kuja imegeuzwa mbele nyuma, hapo utaona mita inasoma vitu vya ajabu na utailaumu mita bure.

Getiwei nayo ina mipaka yake. Uliza inabeba pointi ngapi (pointi ni taarifa au amri moja inayopita), nyingi zinauzwa kwa idadi hiyo, na kila mstari kwenye karatasi yako unaweza ukala pointi mbili, moja ya kuamuru na moja ya kurudisha hali. Muuzaji akikwambia "inakubali zote" mpe karatasi yako ajaze mstari kwa mstari, akikataa mi ningetafuta mwingine.

Mwisho nunua kimoja kimoja cha kila aina, viunge mezani na ujaribu karatasi yote. Zima intaneti uone nini kinaendelea kufanya kazi, kata umeme urudishe uone hali inarudi sahihi, alafu bonyeza swichi ya ukutani kwa mkono uone kama mfumo wa jengo unajua taa imewaka. Jaribio hili la mwisho ndo linaangusha vifaa vingi. Vikipita andika toleo la programu ya ndani ya kila kimoja, na oda kubwa ikija hakikisha ni toleo hilohilo.