Mawazo yakizurura, ongeza ugumu wa kazi

Anayefunga hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa jioni ya baridi ya Julai hapa Mbeya anajua jinsi mawazo yanavyotoroka daftarini na kwenda kwenye ada ya mtoto, bei ya viazi, au neno alilosema shemeji juzi. Huo si uvivu. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, walieleza kwamba yapo maeneo ya ubongo ambayo huchangamka zaidi mtu anapopumzika, na ambayo shughuli yake hupungua anapokabili kazi inayodai umakini. Hupungua tu, wala haizimiki. Ubongo, ulio takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, hutumia kama asilimia 20 ya nishati ya mwili hata tukiwa tumekaa kimya.

Kwa hiyo, badala ya kujikaripia, ongeza ugumu kwa kiasi: jumlisha safu kichwani kwanza, ndipo uhakikishe kwa kikokotoo, kwa kuwa kunakili tarakimu tu huacha nafasi kubwa ya mawazo kuzurura. Usizidishe, maana kazi inayomshinda mtu kabisa nayo humfanya aiache. Ukikwama, tembea kidogo bila simu. Maeneo yale yale ya ubongo yanayochangamka tukipumzika huhusika na kumbukumbu za maisha yetu na kupanga ya kesho, na mimi kosa la shilingi 10,000 nililolitafuta saa nzima nililikumbuka nikiwa njiani kwenda kununua mkaa.