Mbwa anang'ata wageni? Anzia hapa
Jamani huku Dodoma mbwa anafungwa mnyororo tangu mdogo, hajui mtu zaidi ya wa nyumbani, halafu tunashangaa akikimbiza bodaboda. Mara nyingi ni uoga tu, sio roho mbaya. Kwanza muite daktari wa mifugo amcheki sikio, meno, vidonda, maana mbwa mwenye maumivu anamng'ata hata mwenye nyumba. Na akiunguruma usimpige!! Anakupa taarifa pale, ukimzoesha kunyamaza kesho anang'ata kimya kimya. Mgeni akija asimame mbali, mbwa amuone ila awe bado katulia, hapo mrushie dagaa au kipande cha utumbo, kesho tena, umbali unapunguza kidogo kidogo, inaweza kuchukua miezi (mimi uvumilivu ulinishinda mara mbili nikaanza upya). Mgeni asimkodolee macho. Watoto wasibaki nae peke yao.

Ila mbwa mpole akibadilika ghafla, anatoa mate, anayumba, usimsogelee kabisa, huenda ni kichaa cha mbwa. Akishang'ata mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyo hiyo, majivu acheni.