Kukokotoa Gharama za Bodi Huria Kabla ya Kuagiza Kiwandani

Bodi huria ni bodi ya kielektroniki ambayo michoro yake imewekwa wazi ili yeyote aweze kuitumia na kuinakili. Hatua ya kwanza ya kukokotoa gharama zake ni kutenganisha gharama za aina mbili. Zipo zinazolipwa mara moja tu, yaani muda wa usanifu, bodi za majaribio, stensili ya kupakia lehemu na maandalizi ya mashine. Na zipo zinazojirudia kwa kila bodi, yaani ubao mtupu, vipuri, kazi ya kuunganisha, usafirishaji na ushuru. Tuchukulie za mara moja ni dola 1,200 na za kila bodi ni dola 10. Ukiagiza bodi 100, kila moja itakugharimu dola 22. Ukiagiza 1,000, itakugharimu dola 11.20. Atakayenakili mchoro wako ataanzia karibu na dola 10, kwa kuwa usanifu umeshamfanyia wewe. Kwa hiyo panga gharama za usanifu zirudi katika oda ya kwanza, ungali peke yako sokoni.

Hatua ya pili, ambayo naiona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, ni kupunguza aina za vipuri. Viwanda vingi hutoza maandalizi kwa kila aina, kwa sababu kila aina hupakiwa kwenye mashine peke yake. Katika bodi yangu ya kupima unyevu wa udongo nilikuwa na rezista, yaani vipuri vya kuzuia mkondo wa umeme, za kiloomu 4.7, 5 na 10. Zile za 4.7, zilizokuwa za kushikilia tu laini za mawasiliano kwenye volti ya juu (pull-up), nilizibadilisha zikawa za 10, na mahali pa ile ya 5 nikaweka mbili za 10 sambamba, ambazo kwa pamoja ni sawa na 5. Aina tatu zikawa moja, na bodi ikafanya kazi vilevile.

Hatua ya tatu ni leseni. CERN-OHL, leseni ya michoro huria ya vifaa iliyoandikwa na kituo cha utafiti cha CERN, katika toleo la 2 la mwaka 2020 ina ngazi tatu, S, W na P. Kwa kuangalia mbili za pembeni, ngazi ya S humtaka anayesambaza bodi iliyotokana na mchoro wako atoe na michoro yake, ilhali P haimlazimishi. Jina la bidhaa lisajili kando kama alama ya biashara, jinsi walivyofanya Arduino, mradi wa bodi ndogo za kielektroniki ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ambao michoro yake ni huria lakini jina si huria.

Mwisho, ingiza upimaji kwenye bei. Tengeneza kishikio chenye pini za springi zinazogusa sehemu za kupimia za bodi, pima kila bodi kabla ya kuifunga, na dakika hizo zihesabu kama kipuri kingine.