Kutafsiri neno "mob" bila kuchekwa

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kutafsiri, niliwahi kuandika kwamba "genge la kangaruu lilivuka barabara." Mhariri alinirudishia karatasi akiwa amechora pembeni kangaruu aliyeshika bunduki. Neno la Kiingereza nililokuwa nalitafsiri lilikuwa "mob". Tangu hapo, nikikutana nalo naanza kwa kuuliza: anayelisema ni nani, na anawasema akina nani?

Kwa Mwingereza, mob ni watu wengi waliopandwa na hasira, wasiosikia la mtu. "Umati" peke yake hautoshi, maana hata wanaongoja treni ni umati. Andika "kundi la wenye ghasia". Ukiona "lynch mob", hao wamejichukulia sheria mkononi na wanataka kuua, kwa hiyo usiwapunguzie makali. Tena usilichanganye na "riot": hiyo ni ghasia yenyewe, mob ni wanaoifanya.

Sikiliza pia dharau iliyomo. Neno limekatwa kutoka Kilatini, mobile vulgus, yaani makabwela wanaogeukageuka. Lilifupishwa karne ya 17, na mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift alikuwa bado analalamikia ufupisho huo gazetini. Hakufua dafu. Dharau nayo ikabaki: mtu huwaita wengine mob, si wenzake.

Isipokuwa Australia. Huko mchungaji ana mob ya kondoo, na wenyeji wa asili husema "my mob" wakimaanisha ukoo wao, watu wao wa damu. Ukiandika "wahuni wangu" hapo, umetukana familia nzima. Andika "watu wangu" au "jamaa zangu".

Kwa Wamarekani, tazama herufi kubwa: "the Mob" ni mafia. Hapa ndipo "genge" linapokaa sawasawa.

Likiwa kitenzi, mimi hutumia "kuzonga", na sijajuta. Mwanamuziki huzongwa na mashabiki, mwewe huzongwa na ndege wadogo wanaolinda makinda. Katika michezo ya kompyuta, mob ni kiumbe anayeendeshwa na programu. Hilo limetokana na "mobile", kitu kinachotembea, kwa hiyo hata akiwa mmoja ni mob. Usimwongezee umati.

Na wale kangaruu? "Kundi la kangaruu." Basi.