Jinsi ya kuonyesha umelipa nauli ukiwa na kadi London

Nyinyi mnaotoka hapa Mombasa kwenda London hebu nisikizeni, manake huku tumezoea makanga anakukumbuka sura, na ukipanda SGR pale Miritini una tikiti yako ya karatasi mkononi, lakini kule kadi ya Oyster, ile ya kulipia nauli ya basi na treni, haijaandikwa chochote juu yake, safari yote iko ndani ya mashine.

Kwa hivyo gusisha kadi kwenye kisomeo kabla hujapanda, ngoja taa ya kijani na mlio. Kwa basi unagusisha mara moja tu ukipanda, na usitoe pesa taslimu, hawapokei tangu 2014. Kwa treni unagusisha ukiingia na ukitoka, hata kama stesheni haina geti, usipotoka na mlio unaweza kukatwa nauli ya juu kabisa na hio inauma wallahi.

Inspekta akija ana mashine yake ndogo, wewe mpe kadi ileile uliyogusisha. Hapa ndipo watu wengi hukosea: umeingia kwa kugusisha simu iliyounganishwa na kadi yako ya benki, halafu inspekta ukampa kadi yenyewe, akaunti ni moja lakini mashine inaona ni vitu viwili tofauti. Na simu ikizima chaji umehesabika huna tikiti, kwa hivyo mimi naona kadi ni salama zaidi.

Ile Oyster isajili kwa jina lako mtandaoni, ukikatwa vibaya unafungua historia ya safari unadai pesa yako.