Roboti siafu za besdei: mswaki, vaibreta ya simu na betri bapa

Besdei nyingi za watoto hapa Dar mnazijua zinavyoenda, kadi imeandikwa saa 9 mchana, watoto wanafika wamevaa vizuri wanapangwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, mziki unapigwa, halafu wanasubiri, wanasubiri, maana ndugu wa Kibaha bado wako njiani na keki haiwezi kukatwa bila bibi. Ikifika saa 12 jioni ndo keki inakatwa, mwenye besdei anamlisha mama, baba, bibi, shangazi, mstari mzima, picha, pilau, soda, kila mtu kwao. Mimi kulishana keki nakupenda sana na sitaki kubadilishwe. Ila yale masaa matatu ya kusubiri yananiuma, watoto kumi na kitu wamekaa tu, wana akili na mikono na hakuna mtu anayewapa cha kufanya.

Mimi kazi yangu ni fundi simu, mwaka jana mtoto wa dada yangu alikuwa anatimiza miaka 9 nikamwambia dada, hayo masaa matatu nipe mimi. Tukatengeneza roboti. Kila mtoto ya kwake. Tangu hapo nimeshafanya kwenye besdei nyingine kadhaa, na hapa naandika kila kitu ninachofanya ili na wewe ufanye kwa mwanao.

Kwanza elewa roboti yenyewe inatembeaje, maana ukielewa hili hata ikigoma utajua pa kushika. Kuna ule mchezo wa utotoni, unachukua suke la nyasi lenye vinywele, unalitumbukiza kwenye mkono wa shati, ukiwa unatembea linapanda lenyewe mpaka kwapani. Halina mguu wala msuli. Siri yake ni vile vinywele vyote vimelala upande mmoja, kwa hiyo nguo ikitikisika suke linateleza kirahisi kwenda upande mmoja, likitaka kurudi vinywele vinakwama. Roboti yetu ni suke hilohilo. Nywele za mswaki zimelala nyuma kidogo, vaibreta (kile kidude kinachotikisa simu ikiita) inautikisa, kila ikigandamizwa chini nywele zinapinda na kusukuma mbele, ikinyanyuka kidogo zinaachia sakafu, halafu tena, mara nyingi sana kwa sekunde, wewe unaona tu kitu kinakimbia kama mdudu. Watoto waanze na suke kabla hujagusa mswaki. Nenda kachume mapema uwe nayo kwenye mfuko, waache wayapandishe kwenye mashati yao, dakika kumi zinatosha na hawatasahau.

Vitu vya kuandaa

Kwa kila mtoto unahitaji mswaki mmoja, vaibreta moja ya simu, betri bapa moja ya 3V (ile CR2032 inayokaa kwenye rimoti za magari), na selotepu nene ya pande mbili, ile yenye sponji katikati. Vaibreta usinunue mpya, nenda kwa fundi simu yeyote wa mtaani kwako, ana kopo la simu mbovu za batani, muombe akutolee vaibreta zenye nyaya mbili, utampa hela ya soda nyingi na mtaelewana. Kama uko karibu na Kariakoo mafundi wamejaa, omba zile za duara kama kidonge, maana kuna aina nyingine ndefu yenye kichuma kinachozunguka nje, inafanya kazi vizuri tu ila kichuma kikigusa selotepu inasimama, kwa watoto itakusumbua.

Andaa zaidi ya idadi ya watoto. Mimi nilikuwa na watoto 11 nikaandaa seti 14 na zote zikaisha, maana kwenye besdei hakosi mtoto wa jirani aliyesikia mziki.

Hatua ya 1: kuchagua na kukata mswaki

Hapa ndo kazi ilipo, usiharakishe. Mswaki unaotakiwa ni ule ambao ukiuangalia kwa ubavu nywele zake zote zimelala upande mmoja. Miswaki mingi ya sasa nywele zimepishana, mstari huu umelala kulia ule kushoto, hiyo roboti itatetemeka palepale kama mtu mwenye baridi. Ukikosa iliyolala chukua ile ya bei rahisi yenye nywele zilizonyooka, ichovye kichwa kwenye maji ya moto kama dakika mbili, kisha igandamize kwenye meza huku ukiisukuma upande mmoja, weka juu yake kitu kizito, ndoo ya maji hata, iache mpaka ipoe kabisa. Nywele zitabaki zimelala. Zilale kidogo tu lakini, zikilala sana tumbo linagusa chini na roboti haitembei.

Kukata kichwa kata wewe mwenyewe usiku wa kuamkia besdei, kwa msumeno wa chuma au plaizi kubwa, kisha sugua pale ulipokata kwa msasa maana plastiki ikikatika inaacha ncha kali. Mtoto asipewe kazi hii.

Hatua ya 2: kuweka vaibreta

Kata kipande cha selotepu ya pande mbili sawa na kichwa cha mswaki, bandika juu. Vaibreta inakaa mbele, katikati kabisa, nyaya zinatazama nyuma. Ikikaa pembeni hata milimita mbili roboti itakuwa inazunguka duara. Nyaya za vaibreta ni nyembamba kama unywele na zinakatika kwenye kiungo, kwa hiyo mtoto ashike vaibreta yenyewe asishike waya. Ncha za nyaya nazimenya mapema mimi mwenyewe, kama nusu sentimita kila moja.

Hatua ya 3: betri

Waya mmoja unalala kwenye selotepu, betri inabandikwa juu yake, waya wa pili unashikizwa juu ya betri kwa kipande cha selotepu ya kawaida. Hakuna kulehemu. Waya wa juu ukigusa tu, vaibreta inalia. Huo waya wa juu ndo swichi yenu, kuzima unaubandua.

Sasa hapa nisikilize vizuri mzazi mwenzangu. Hizi betri bapa ni hatari kwa mtoto mdogo kuliko kitu kingine chochote kwenye sherehe yako. Mtoto akiimeza ikakwama kooni inaanza kuunguza nyama ya koo, na ndani ya masaa mawili tu madhara yanaweza kuwa makubwa sana. Ukihisi mtoto kameza, usimtapishe, usisubiri kuona, mkimbize hospitali muda huohuo na uwaambie kameza betri. Kwa hiyo sheria zangu ni hizi: meza ya kutengenezea ni ya wenye miaka 8 kwenda juu, betri natoa mimi moja moja kutoka mfukoni kwangu, roboti ikikamilika betri inazungushiwa selotepu mara mbili, na mwisho zinahesabiwa.

Wadogo nao wasilie, watengenezee ya kwao kubwa. Chukua brashi ya kufulia, mota ya gari bovu la mtoto, na kasha la betri mbili za kawaida (AA). Kwenye kile kichuma cha mota chomeka kipande cha ufutio, kikae upande ili kisizunguke sawa. Hiyo haiendi mbele, inacheza tu na kuzungukazunguka, na wadogo wanaipenda kuliko maelezo yangu.

Hatua ya 4: kuijaribu na kuirekebisha

Uwanja mzuri ni sinia kubwa la pilau, lile la aluminiamu, chini ni laini na ukingo unazuia roboti isidondoke. Kwenye mkeka au zulia haiendi, nywele zinanasa.

Ikizunguka duara sogeza betri kidogo kuelekea upande wa nje wa duara, au angalia kama nywele za upande mmoja zimelala kuliko nyingine. Ikianguka kiubavu ifanye iwe pana, bandika vijiti viwili vya kusafishia masikio kulia na kushoto viwe kama miguu, visiguse chini, vikae juu kidogo tu. Ikirudi nyuma, hongera, mtoto amebandika vaibreta upande wa mkia, mwache aamue mwenyewe kichwa kiwe wapi. Isipolia kabisa, mara nyingi ni ule waya wa chini umekaa kwenye gundi badala ya kugusa betri.

Usimrekebishie. Mwambie nini cha kujaribu kisha ondoa mkono. Kuna mtoto mmoja ya kwake iligoma karibu nusu saa, anahamisha betri, anarudisha, machozi yako karibu, mama yake akaja kunikasirikia kwamba namtesa mtoto siku ya sherehe. Nikamwomba dakika tano tu. Ilipokimbia kutoka ukingo mpaka ukingo yule mtoto alipiga kelele mpaka mpiga mziki akashusha sauti.

Hatua ya 5: kuivalisha

Masharubu ya waya, macho, mabawa ya karatasi ya keki, kila mtu na mdudu wake. Muda wa kupaka rangi ndo mimi nawapigia stori, kwa sababu mikono ina kazi na masikio yako wazi. Nawaambia mende anaweza kujibana akapita kwenye upenyo wa milimita 3, na kwamba mwaka 2016 Kaushik Jayaram na Robert Full wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitengeneza roboti laini inayojibana kama yeye, wakiwaza nyumba zilizoanguka, ili siku moja roboti kama hizo ziingie kwenye vifusi kutafuta watu. Mtoto anayemuua mende kila siku kwa kandambili anamwangalia tofauti baada ya hapo.

Halafu nawaambia habari ya siafu. Huko Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 2014 walionesha kundi la roboti ndogo 1,024 zinaitwa Kilobot, kila moja ina kipenyo cha sentimita 3 na kitu, na hazina magurudumu, zina miguu mitatu migumu ya waya na vaibreta mbili. Vaibreta! Kama ya kwenu. Hakuna bosi anayeziongoza moja moja, kila roboti inaangalia jirani zake tu, kama siafu kwenye msafara, na zote kwa pamoja zilijipanga zikawa umbo la nyota. Ilichukua masaa kama 12 kumaliza umbo moja.

Hatua ya 6: msafara

Tafuta bomba la PVC la inchi 2, lipasue katikati kwa urefu upate mfereji, hata mita mbili zinatosha. Weka roboti zote ndani zimefuatana, ya mwenye besdei iwe mbele. Kwenye mfereji haziwezi kupotea njia, zile za haraka zinazisukuma za polepole, na unaona kabisa msafara wa siafu unapita. Mashindano ya mbio fanyeni pia kama mnataka, ila mimi naona msafara ni bora kwa siku hiyo, hakuna anayeshindwa mbele ya wageni. Ule mwisho wa bomba ndo meza ya keki inapowekwa, kwa hiyo siafu wakifika keki inakatwa. Bibi awe ameshafika.

Angalizo, kama kwenu mna ile desturi ya kummwagia maji mwenye besdei, au maji na unga kama vijana wanavyofanya, fanyeni mwisho kabisa, nje, roboti zikiwa zimeshaingia ndani.

Na kabla kisu hakijagusa keki huwa nawasimulia moja ya mwisho. Agosti 2012 roboti ya Marekani inaitwa Curiosity ilitua kwenye sayari ya Mars. Ilipotimiza mwaka mmoja huko, Agosti 2013, mafundi wa NASA, shirika la anga la Marekani, walizitumia mota za chombo chake cha kupima udongo, zile zinazotikisa ili udongo ushuke ndani, wakazitetemesha kwa sauti tofauti tofauti mpaka ukatoka wimbo wa besdei. Roboti ikajiimbia yenyewe, huko mbali. Watoto walinyamaza kimya, kisha mwenye besdei wangu akauliza, sasa nani alimlisha keki? Sikuwa na jibu. Alivyomaliza kumlisha mama yake na bibi, akamega kipande kidogo akakiweka mbele ya roboti yake kwenye sinia.

Hatua ya 7: kabla hawajaondoka

Simama mlangoni na kopo lenye mfuniko wa kuzungusha. Mtoto anaondoka na roboti yake, betri unaibandua unampa mzazi mkononi, mzazi mwenyewe sio mtoto, na unamwambia yale ya hapo juu. Mzazi asiyekuwepo, betri inabaki kwenye kopo mpaka aje. Zilizobaki usizirundike zikagusana, zifunge moja moja na selotepu. Hesabu. Zikitoka 14 zionekane 14, na ikipungua hata moja hakuna kulala, inua mkeka, inua viti, tafuta mpaka ionekane.