Kabla hujafunga tela nyuma ya pikapu

Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea kila mwenye pikapu anatafuta tela la kukodi. Tafuta. Ila kabla hujapakia hata gunia moja, fungua mlango wa dereva usome kibao kilichobandikwa kwenye nguzo, kisha ufungue kitabu cha gari. Usimuulize aliyekuuzia, huyo alikuwa anauza.

Utakuta namba kadhaa, na watu wengi hushika ile kubwa tu. "Hii inavuta tani tatu na nusu!" Inavuta, tela likiwa na breki zake. Lisilo na breki, pikapu nyingi zinaruhusiwa kilo 750 basi, na humo tela lenyewe limo. Haya matela yetu ya kuchomelea mtaani mengi hayana breki. Tela tupu likiwa na kilo 300, umebakiwa na 450, yaani mifuko tisa ya saruji, au gunia tano za korosho za kilo 80. Simtanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, achana nalo. Likiwa nusu nalo ni balaa lake, maana maji yanahama kila ukikata kona.

Namba nyingine ni uzito wa gari na tela kwa pamoja. Hapo wanahesabiwa abiria, mafuta, na yale magunia uliyorusha nyuma ya pikapu ukidhani hayahusiki. Yanahusika.

Sasa shingo, yaani ule mti wa chuma wa mbele unaoliunganisha tela na gari. Shingo ya tela inatakiwa ikandamize gari kwa asilimia 10 hivi ya uzito wa tela na mzigo wake. Tela la kilo 1,500, shingo kilo 150, na hizo 150 gari inazibeba kama mzigo wake. Kupima si kazi: tela likiwa limepakiwa na limesimama sawasawa, weka shingo juu ya mzani wa kupimia magunia. Ikizidi, kitako cha gari kinakaa chini na usukani unakuwa mwepesi. Ikipungua, omba Mungu.

Shemeji yangu alikuwa na tela zuri, lenye breki, na hakuzidisha kilo. Alitoka Mtwara na saruji mifuko 30 akashika barabara ya Tandahimba, mzigo umepangwa vizuri, gari imetulia mpaka Newala. Pale mteja wa kwanza alikuwa anachukua mifuko 15. Mlango wa ubavuni wa lile tela uko upande wa mbele, kwa hiyo vijana wakashusha iliyokuwa karibu na mkono, na mifuko 15 ikabaki yote nyuma ya ekseli, ikainua shingo. Utingo aliona. "Kaka, mbona kitako cha gari kimeinuka?" Akajibiwa kwamba mzigo umepungua, sasa ni raha tu.

Wakaanza kushuka kuelekea Masasi. Tela likacheza kidogo kushoto, kidogo kulia, kisha likaanza kuchapa kama mkia wa kenge. Akakanyaga breki kwa nguvu zote. Tela likaja ubavuni, likaigeuza pikapu ikatazama ilikotoka, vyote viwili vikaishia mtaroni. Utingo alivunjika mtulinga. Usiku mvua ikanyesha, na asubuhi tulipofika na winchi saruji ilikuwa imeganda juu ya majani, alama za vidole vya mtu aliyejaribu kuiokoa zimo humo humo.

Kwa hiyo, kila unaposhusha, panga upya. Si kesho, si mbele kwenye kivuli. Kama una wateja wawili, mzigo wa yule wa kwanza upakiwe nusu mbele na nusu nyuma ya ekseli, hata kama vijana watanung'unika. Na tela likianza kucheza, toa mguu kwenye mafuta, nyoosha usukani, liache lipungue mwendo lenyewe. Breki ya ghafla ndiyo inayokugeuza, na kuongeza mwendo ili "ulinyooshe" ni upuuzi wa kijiweni.

Matairi ya tela yana namba ya uzito ubavuni. Ukikuta 91, kila tairi linabeba kilo 615, zidisha kwa mawili upate mwisho wako. Mpira wa chuma ulio nyuma ya gari na kikombe cha shingo kinachoukalia viwe saizi moja. Minyororo miwili, ipishane chini ya shingo. Taa za nyuma ziwake zote.

Ukihamia kwenye lori la kwenda bandarini, hesabu inakuwa ya ekseli. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana, 24 kwa tatu, na yote kwa jumla yasivuke tani 56. Unaweza kuwa ndani ya jumla ukakamatwa mizani kwa ekseli moja tu, kwa sababu ya kupanga vibaya.

Mengine unayajua. Turubai lifungwe kwa kamba nzima, si vipande vilivyoungwa. Simama baada ya kilomita chache uguse maringi ya tela kama yamechemka. Usiku kuna mbuzi, kuna bodaboda bila taa. Na mtu asipande juu ya magunia, hata akikwambia anashuka hapo Nanganga tu.